Tairi kubwa, difu ile ile: kwa nini gari linakuwa zito, na meno gani yanalirudishia nguvu

Gari lililofungwa tairi kubwa linaweza kuzunguka Dodoma mjini wiki nzima na mwenyewe asigundue kitu, kwa sababu safari ni fupi na milima ni michache. Majibu hutoka mlimani. Ukishavuka Mtera na kuanza kupanda Nyang'oro kuelekea Iringa, kona iliyokuwa ikipandwa kwa namba tatu sasa inadai namba mbili, namba tano inabaki pambo, moshi mweusi unafuka na mshale wa joto unaanza kutembea. Wengi hapo hukimbilia pampu na nozo. Nozo zinasafishwa, pampu inapimwa, hela inatoka, na gari linabaki zito vile vile. Injini haijabadilika. Kilichobadilika ni urefu wa hatua ambayo gari linapiga kila ekseli inapozunguka mara moja.

Ndani ya difu, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli, kuna gia mbili zinazobeba habari yote. Pinioni ni ile ndogo, inapokea mzunguko kutoka kwenye propela, lile shafti refu linaloleta mzunguko wa injini. Krauni ni ile pana kama sinia, inazungusha ekseli. Pinioni ya meno 9 ikiendesha krauni ya meno 37, propela inazunguka mara 4.11 ili tairi zizunguke mara moja. Hiyo 37 gawa kwa 9 ndiyo namba ya difu, na 4.1 ndiyo inayokutwa kwenye Land Cruiser mkonga (zile za kazi, za 70) nyingi zenye dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ. Hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia: namba ikiwa kubwa, gari lina nguvu zaidi na spidi ndogo zaidi, namba ikiwa ndogo, gari linakimbia lakini linavuta kwa taabu. Difu ya 4.88 ni ya nguvu kuliko ya 4.1. Difu ya 3.7 ni ya spidi.

Sasa tairi. Kipenyo chake kimeandikwa ubavuni, ila kwa mafumbo. Chukua 265/70R16. Upana ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani 185.5, zidisha kwa mbili maana kuna ubavu juu na chini, kisha ongeza rimu ya inchi 16, ambayo ni milimita 406.4. Unapata 777. Fanya hivyo hivyo kwa 315/75R16, ambayo watu wanaiita ya 35 ingawa kwa hesabu ni inchi 34.6, unapata 879. Tairi ya kwanza inatembea mita 2.44 kwa mzunguko mmoja, ya pili mita 2.76. Gawa 879 kwa 777: 1.13. Ekseli sasa inalazimika kusukuma hatua ndefu kwa asilimia 13 kwa nguvu ile ile. Ni sawa na kutoa difu ya 4.11 na kuweka ya 3.64, bila kufungua nati hata moja.

Kwa wenye gari la Dodoma hesabu hiyo inauma zaidi kuliko kwa mwenye gari la pwani. Mji uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kimo, kwa sababu hewa inayovuta ni nyepesi. 1HZ ni injini ya aina hiyo: lita 4.2, silinda sita, haina tabo. Hapa imeshapungukiwa na kama asilimia 11 kabla hujagusa tairi. Tairi za 35 zinakata nyingine karibu 12 kwenye msukumo unaofika ardhini. Ukizidisha yanayobaki, gari lina takriban asilimia 79 ya msukumo ambao lingekuwa nao Dar es Salaam likiwa na tairi zake za kiwandani. Tena hapo hatujahesabu uzito wa tairi zenyewe.

Kuna namba moja inayoonyesha vizuri kilichoharibika. Msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa juu kabisa wa 1HZ unapatikana kwenye mizunguko 2,200 hivi kwa dakika. Namba nne kwenye gia boksi yake ni moja kwa moja: injini na propela zinazunguka sawa. Kwa tairi za 265/70R16 na difu ya 4.11, gari likiwa kwenye 80 kwa namba nne, injini iko kwenye 2,245. Waliolitengeneza waliiweka pale pale inapovuta. Funga 35, 80 ile ile inaikuta injini kwenye 1,985, na ukiingiza tano, ambayo ni takriban 0.88, inaanguka hadi 1,750. Ndiyo maana tano inakataa. Wekea difu ya meno 41 kwa 9, yaani 4.56, unarudi kwenye 2,200.

Kanuni basi ni fupi: namba ya difu uliyonayo, zidisha kwa kipenyo kipya, gawa kwa kipenyo cha zamani. 4.11 mara 1.13 ni 4.65. Hakuna krauni ya namba hiyo hasa, kwa hiyo unachagua jirani. Kwa Toyota za kazi utakutana na 43 kwa 10 (4.30), 41 kwa 9 (4.56) na 39 kwa 8 (4.88). Kwa mfano wetu ni 4.56 au 4.88. Anayekaa kwenye lami ya Morogoro na Singida achague 4.56. Anayepakia tani ya mizigo kwenda vijiji vya milimani upande wa Kibakwe, au anayevuta tela, 4.88 itamfaa, akijua kwamba kwenye 100 kwa namba tano injini itakuwa karibu 2,600, na kelele na mafuta vitaongezeka. Ajue pia jambo ambalo wauzaji hawalisemi: namba ikipanda, pinioni inapungua unene. Pinioni ya meno 8 ni nyembamba na ina meno machache yanayoshikana kwa wakati mmoja kuliko ya meno 9. Kupanda hadi 4.88 "ili liwe na nguvu tu" wakati hesabu haikuihitaji ni kununua udhaifu.

Kabla ya kununua chochote, uliza gari lilikuja na tairi gani. Mkonga nyingi zilikuja na 7.50R16, ambazo zina kipenyo cha kama milimita 806, sawa na 235/85R16. Mwenye gari hilo akifunga 285/75R16, zile zinazoitwa 33, ameongeza asilimia 3.5 tu. Hana haja ya kugusa difu. Mwenye 265/70R16 akifunga tairi hizo hizo ameongeza asilimia 7.3, na atazisikia. Ongezeko likiwa chini ya asilimia 5, acha difu ilivyo. Kati ya 5 na 8, inategemea mzigo na milima. Ukivuka 10 kwa injini isiyo na tabo, badilisha difu au rudisha tairi. Na kwa kazi nyingi za mikoa ya kati, sisi tunaona tairi ya 7.50R16 inatosha kabisa: ni ndefu, ni nyembamba, inakata tope jeusi la mbuga za Bahi mpaka ikutane na ardhi ngumu. Kwenye mchanga wa makorongo, kupunguza upepo kunasaidia kuliko kuongeza inchi.

Mshale wa spidi nao unadanganya. Kwenye mkonga, spidi inasomwa kutoka transfa, kasha la gia linalogawa mzunguko mbele na nyuma, yaani kabla ya difu, kwa hiyo haijui kama tairi imekua. Kwa ongezeko la asilimia 13, dashibodi ikisema 50 gari liko 56.5. Kwenye kibao cha 50 pale kijijini, tochi ya trafiki itasoma ukweli. Difu ya 4.56 inarekebisha hilo yenyewe: ukisoma 50, uko 51. Ya 4.88 inageuza upande wa pili: ukisoma 50 uko chini kidogo ya 48. Magari mapya yanayosoma spidi kwenye habu za matairi hayabadiliki kwa kubadilisha difu. Hayo yanahitaji kurekebishwa kwa mashine.

Kujua difu iliyomo ndani hakuhitaji kuifungua. Weka gari mahali tambarare, weka kuni au jiwe mbele na nyuma ya tairi za mbele, toa gia, achia hendibreki, inua tairi moja tu ya nyuma kwa jeki na stendi. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Zungusha tairi hiyo mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu propela. Kwa kuwa tairi ya pili imekaa chini, difu inagawa kwa mbili, hivyo mizunguko 20 ya tairi moja ni 10 ya krauni. Propela ikizunguka mara 41, difu ni 4.1. Ikiwa 43, ni 4.3. Mara 45 na nusu ni 4.56. Mara 49 kasoro kidogo ni 4.88. Kuhesabu kwa mizunguko miwili tu, kama wengi wanavyofanya, hakutenganishi 4.1 na 4.3. Kama difu ina loki au inashika tairi zote mbili, inua zote na zungusha mara 10. Kisha rudia ekseli ya mbele. Gari lililopitia mikono mitatu linaweza kuwa na mambo yake.

Na hapo tunafika kwenye kosa ghali kuliko yote: kubadilisha difu ya nyuma peke yake. Transfa ikishaingizwa fo-wili, propela ya mbele na ya nyuma zinazunguka sawasawa. Nyuma ikiwa 4.56 na mbele 4.11, kila tairi za nyuma zinapotembea mita 10, za mbele zinataka kwenda 11. Mita hiyo moja lazima iende mahali. Kwenye mchanga tairi zitateleza na dereva hatajua. Kwenye lami au mwamba mkavu haziwezi kuteleza, kwa hiyo ekseli, propela na cheni au gia za transfa zinajisokota hadi kimoja kiachie. Wapo wanaosema, "Mimi fo-wili siitumii." Siku mto wa msimu utakapomkwamisha, ataitumia. Kwa gari ambalo ni fo-wili muda wote, difu ya katikati itakufa bila hata kusubiri tope. Kwa sababu hiyo hiyo, tairi ya akiba lazima iwe ya kipimo kile kile. Akiba ya zamani ikifungwa nyuma, difu inafanya kazi ya kona saa zote hata kwenye barabara iliyonyooka.

Mbele na nyuma si spea moja. Kwenye mkonga za tangu mwisho wa miaka ya 1990, krauni ya nyuma ni ya inchi 9.5 na ya mbele ni ya inchi 8, tena meno ya mbele yamechongwa kinyume, pinioni ikikaa juu. Seti ya inchi 8 ya Hilux ya nyuma haiingii pale, hata kama muuzaji anaapa. Hesabu pia meno ya ncha za ekseli kabla ya kulipia.

Una njia mbili za kununua. Ya kwanza ni tumbo zima la difu la mtumba, likiwa na krauni, pinioni na beringi zake zilizokwishawekwa. Ni njia nzuri kwa sababu kwa Toyota hizi difu inachomoka nzima upande wa propela wa hauzingi, yaani kasha la ekseli. Fundi anafungua boliti, anatoa lile, anaweka hili. Zungusha pinioni kwa mkono dukani: iende laini, isikwame popote, isiwe na kuchezacheza kwenda mbele na nyuma. Angalia meno kwa tochi ya simu; ukiona vishimo kama ngozi iliyoota upele, liache. Njia ya pili ni seti mpya ya krauni na pinioni, beringi mpya, sili, slivu ya kubonyea (kibomba kinachobonyea nati ya pinioni ikikazwa) na shimu (pete nyembamba za kupangia unene). Krauni na pinioni huuzwa kama ndugu wa tumbo moja, zimesagwa pamoja na zina alama inayofanana. Usikubali krauni ya huku na pinioni ya kule.

Seti mpya ndiyo inayotenganisha mafundi. Fundi anayebadilisha klachi vizuri si lazima aweze difu. Anahitaji vitu vinne: presi ya kusukumia beringi, toki renchi (spana inayopima mkazo), kipimo cha saa kinachosoma sehemu moja ya mia ya milimita, na rangi ya kupakia meno. Asiyekuwa na kipimo cha saa, anayesema "nasikia kwa mkono," mshukuru na uende kwingine. Kazi ifanyike ndani, sakafu imemwagiwa maji, kwa sababu vumbi jekundu la kiangazi likiingia kwenye beringi mpya, umeshanunua nyingine.

Kuvua: mwaga oili, chomoa ekseli, fungua propela. Nyuma ni rahisi, ekseli zinatoka kwa kufungua nati za habu. Washa za koni zikigoma, gonga ncha za boliti kwa kipande cha shaba, si nyundo tupu. Mbele ni kazi ndefu kwa sababu ekseli inapita kwenye kifundo cha usukani, kwa hiyo badilisha sili za ndani na grisi siku hiyo hiyo. Kabla ya kufungua vifuniko vya beringi za pembeni, piga alama ya nukta: kushoto nukta moja, kulia mbili. Vikibadilishana upande, havitakaa sawa tena.

Krauni inakaa kwa kubana sana kwenye kasha lake. Usiigonge iingie. Ichovye kwenye sufuria kubwa la maji yanayochemka kwa dakika kadhaa, itoe kwa koleo, ikaushe, iweke haraka ikilingana na matundu. Inaingia kwa uzito wake na inaposhuka joto inabana. Boliti zifungwe mpya au zilizosafishwa, kwa gundi ya nyuzi, kwa kukatiza upande hadi upande, kwa mkazo ulioandikwa kwenye kitabu cha gari hilo.

Pinioni inapangwa kwa shimu inayokaa chini ya beringi yake kubwa. Anza na shimu ya unene ule uliotoka. Kisha mkazo wa beringi: nati inakazwa taratibu huku slivu ikibonyea, na kila robo mzunguko unapima nguvu ya kuizungusha pinioni. Kwa difu ya inchi 8 beringi mpya zinatakiwa zidai kama 1.9 hadi 2.5 Nm, beringi za zamani karibu nusu ya hapo. Ukipitiliza, usilegeze nati kurudi nyuma. Slivu ikishabonyea imebonyea, weka nyingine. Kosa hili la kulegeza kidogo "ili ilainike" ndilo linaloua difu mpya ndani ya miezi, maana pinioni inabaki ikielea.

Plei, yaani nafasi ya kuchezea, kati ya meno ya krauni na pinioni hupimwa kwa kipimo cha saa, mshale ukigusa jino kwa wima, sehemu tatu au zaidi za duara. Kwa Toyota nyingi inatakiwa kati ya 0.13 na 0.20 mm, kitabu kitakupa kipimo kamili cha difu yako. Huo ni unene wa karatasi mbili za daftari. Kama sehemu moja inasoma 0.13 na nyingine 0.25, krauni imekaa upogo, mara nyingi kwa sababu ya uchafu chini yake.

Mwisho ni rangi. Paka meno matatu au manne ya krauni, ishike kwa kitambaa ili iwe na uzito, zungusha pinioni mbele na nyuma. Rangi itafutika pale meno yanapogusana. Inatakiwa kidoa cha yai katikati ya jino. Kikikaa juu kwenye kilele, pinioni iko mbali: ongeza unene wa shimu. Kikizama kwenye shina la jino, iko karibu mno: punguza. Kikikimbilia ncha ya ndani, sogeza krauni mbali na pinioni kidogo. Kikikimbilia ncha ya nje, isogeze karibu. Kila ukibadilisha shimu unarudi kwenye presi, na plei inapimwa upya. Mara tatu au nne ni kawaida. Anayemaliza mara ya kwanza ndani ya saa moja ama ana bahati ama hakupima.

Oili ni GL-5, 80W-90 au 85W-90. Difu ya nyuma inameza zaidi ya lita tatu kidogo, ya mbele karibu lita tatu. Jaza hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Kagua bomba la kupumulia juu ya hauzingi. Likiziba kwa tope, difu ya moto ikiingia kwenye maji ya korongo inavuta maji kupitia sili, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa.

Safari ya kwanza iwe ya dakika 15 hadi 20, usipite 80, kisha simama nusu saa difu ipoe. Rudia mara mbili tatu. Gusa hauzingi karibu na pinioni: joto la glasi ya chai unayoweza kuishika ni sawa; ukishindwa kuweka kiganja hata kidogo, beringi zimekazwa mno. Mlio unaobadilika ukikanyaga au kuachia mafuta unatoka kwenye meno. Unaobaki ule ule unatoka kwenye beringi. Usivute tela wala kupakia mzigo mzito kwa kilomita 800 za mwanzo. Dodoma hadi Singida na kurudi, kisha Morogoro nusu ya njia na kurudi, zinakaribia kutosha.

Kilomita 800 zikitimia, mwaga oili ingali ya moto na uangalie sumaku ya nati ya kumwagia. Uji laini wa kijivu, ule unaosugulika kati ya vidole bila kukwaruza, ni meno yaliyokuwa yakizoeana. Futa, jaza oili mpya. Ukikuta kipande kinachochoma kidole, hata kidogo kama punje ya mtama, gari lisiondoke gereji. Difu ifunguliwe siku hiyo.